Jicho Ndilo Mtaji wa Mchoraji

Leo nataka tuwazungumzie mafundi ambao kazi yao tunaiona kutwa nzima na majina yao hatuyajui: wachoraji wa grafiki, au kama wanavyoitwa mtaani, madizaina. Hao ndio waliotengeneza kadi ya mchango wa harusi uliyoletewa juzi. Ndio waliopanga herufi kwenye jezi za timu ya kijijini kwenu, kwenye bango la mkutano wa injili, kwenye tangazo la Maulidi, kwenye lebo ya chupa ya asali iliyopo kabatini. Toa kazi yao mjini asubuhi moja tu, uone maduka yatakavyobaki bubu.

Na mazungumzo haya nataka tuyafanyie Kwamkoro. Kwa asiyepajua, Kwamkoro ipo juu, katika milima ya Usambara ya Mashariki, upande wa Amani, wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Lushoto nayo ipo upande wa pili wa bonde la Lwengera, katika Usambara ya Magharibi. Kwamkoro ni chai na msitu: mashamba ya chai yamelala mabegani mwa vilima, na yanapoishia unaanza msitu mnene wa hifadhi ya Amani, ambayo serikali iliitangaza mwaka 1997. Mvua huko haina mchezo, na ukungu asubuhi hufunika mpaka mlango wa jirani.

Nimepachagua kwa sababu. Kijana wa Kwamkoro, au wa Bulwa, au wa Soni kule Lushoto, akijifunza kazi hii kwa kompyuta ya kuazima au kwa simu yake, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba mawazo mazuri yapo mbali. Yapo Dar es Salaam, yapo Nairobi, yapo intaneti. Yeye kwao hakuna kitu, ni majani ya chai tu. Leo nataka nimpinge kijana huyo kwa upendo.

Swali analoulizwa kila dizaina, na analojiuliza mwenyewe usiku wa manane mbele ya skrini tupu, ni hili: wazo linatoka wapi? Wengi wanaamini kwamba ilhamu humshukia mtu ghafla, na isiposhuka basi siku hiyo imekwenda bure. Mimi naamini hivi: wazo ni zao la kutazama. Kutazama ni kazi kama kazi nyingine. Na kila kazi ina ujira wake. Hayo matatu ndiyo hoja yangu yote, na yanafuatana kwa mpangilio huohuo.

Tuanze na kutazama. Mwaka 1892, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alikutana na ua dogo la zambarau katika nchi hii ya Usambara, akalipeleka kwao. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha, na picha yake ya rangi ikachapishwa katika jarida la Gartenflora. Tangu hapo ua hilo limezunguka dunia. Leo limo katika vyungu madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, limo katika kadi za pongezi, limo katika stempu. Na mama yake yupo huku kwetu, kwenye miamba yenye unyevu, kivulini, kando ya vijito vya milima hii.

Sasa hebu tulitazame kwa jicho la dizaina. Ua lina petali tano, lakini hazilingani: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Kwa hiyo jicho likifika haliduwai, linaongozwa kutoka juu kushuka chini. Katikati kabisa kuna vifuko viwili vya chavua, vya njano, vidogo kama vichwa vya pini. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yana vinyweleo laini vinavyozuia yasimetemete. Angalia hesabu ya rangi hapo. Zambarau na njano zinatazamana katika duara la rangi, kila moja inaisukuma nyingine mbele. Lakini njano ni kidogo mno, tone tu. Zambarau imetawala, kijani kimetulia nyuma, njano imepewa kazi moja ya kuita nyuki. Halafu nenda kaangalie bango la kawaida la barabarani: nyekundu, bluu, njano na chungwa, zote kwa ukubwa uleule, kila moja inadai isikilizwe kwanza. Ua hili limetoa darasa ambalo vyuo hulipisha ada.

Kwa hiyo kijana wangu, nunua daftari lisilo na mistari na penseli. Usitosheke na kupiga picha kwa simu. Simu inaona kwa niaba yako, na wewe unaondoka hukuona kitu. Ukichora kwa mkono, hata kama mchoro ni mbaya, utalazimika kujua kama petali ni tano au sita, kama jani lina meno pembeni au halina. Hicho ulichokijua kwa mkono hakisahauliki. Miezi mitatu baadaye mteja atakuja kutaka nembo ya kikundi cha akina mama wanaouza iliki, nawe hutahangaika. Utafungua daftari.

Najua kuna njia ya mkato. Programu za siku hizi zina violezo vilivyo tayari: unabadilisha jina, unabadilisha rangi, kazi imekwisha. Sisemi ni dhambi. Kadi ya mchango inayotakiwa leo jioni huenda haina njia nyingine. Lakini wenyeji wa Kwamkoro wanaujua mti mmoja unaoitwa kitaalamu Maesopsis eminii. Si mwenyeji wa milima hii. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye ukapandwa Kwamkoro mahali palipokatwa mbao, kwa kuwa unakua haraka. Hondohondo wakala matunda yake, wakatawanya mbegu, na kila msitu ulipoachia pengo, mti huo ukawahi. Kiolezo nacho kinakua haraka na kinaziba pengo vilevile. Baada ya muda saluni, duka la dawa na shule ya awali zote zina sura moja, na hakuna mteja anayekumbuka ipi ni ipi. Dizaina aliyezoea violezo hujikuta naye anafanana na wote, na mtu anayefanana na wote hulipwa bei ya chini kuliko wote.

Shule nyingine ya kutazama tunayo kiunoni na mabegani mwa mama zetu. Kanga. Kila kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyokaa chini ya mji. Huo ni mpangilio uliokwishapimwa na vizazi. Maneno hayazidi sentensi moja, kwa sababu yanasomwa mtu akiwa anatembea. Herufi ni kubwa na za wazi, kwa sababu zitasomwa na aliye nyuma, tena nguo ikiwa imekunjwa. Pindo linashika kazi yote isisambae. Mombasa kuna nyumba ya biashara iliyoanzishwa na Kaderdina Hajee Essak mwaka 1887, na mpaka leo kanga zake zinajulikana kwa alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Zaidi ya karne moja, na umbo ni lilelile, ila mchoro unazaliwa upya kila msimu. Anayetaka kujua jinsi ya kupanga maneno na picha katika eneo moja, akae barazani siku ya shughuli atazame doti zinazopita.

Lakini msikilizaji, angalia kitu hapo. Jina la mfanyabiashara tunalijua. Alama yake tunaijua. Waliokaa chini wakachora zile korosho, yale maua, wale tausi, wengi wao hatuwajui kwa majina. Nitarudi kwenye jambo hili.

Kwanza twende kwenye chai, maana ndiyo maisha ya Kwamkoro. Chai huchumwa majani mawili na chipukizi. Kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa kwa mashine, huachwa ichachuke mpaka igeuke rangi ya shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa na kupangwa kwa madaraja. Inaingizwa katika magunia ya karatasi. Ubavuni mwa gunia kunaandikwa jina la shamba, daraja kama BP1 au PF1, namba ya mzigo na uzito. Basi. Gunia hilo linakwenda mnadani, Mombasa, au Dar es Salaam ambako mnada wetu wenyewe ulizinduliwa Novemba 2023. Mnunuzi huchanganya chai hiyo na ya milima mingine, akaiweka katika pakiti yenye jina lake na picha yake. Jina la kilima kilichoikuza linaishia kwenye gunia.

Zitazame herufi za magunia na masanduku ya mizigo, zile zinazopakwa wino juu ya kibati kilichotobolewa. Herufi O haijafungwa mzunguko wake; ina vidaraja viwili, juu na chini. A nayo ina kidaraja. Bila vidaraja hivyo kile kipande cha katikati kingedondoka, na herufi ingekuwa doa. Kwa hiyo aliyezichora alilazimika kufikiria chuma, wino na mkono wa mpakaji kabla ya kufikiria uzuri. Huo ndio mtihani mzuri kuliko yote wa nembo: je, inaweza kukatwa kwenye kibati ikapigwa wino mmoja mweusi na bado ikajulikana? Ikishinda hapo, itashinda kwenye muhuri, kwenye fulana, kwenye ukuta wa duka, na kwenye kile kiduara cha picha ya wasifu kwenye simu. Ikitegemea vivuli na mng'aro, siku ya kwanza ya fotokopi itakufa.

Na hapa ndipo ninapoiona kazi ya madizaina wa milimani. Amani na vijiji vyake kuna iliki, mdalasini, pilipili manga, karafuu. Lushoto kuna matunda na mboga zinazoshuka kwa matenga kwenda Tanga na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya mali hiyo inaondoka haina jina wala sura. Mkulima anauza kwa kilo. Aliyeweka jina na picha anauza kwa pakiti. Katika tofauti hiyo ya bei ndimo ilimo riziki ya mchoraji. Lakini ajifunze kazi yake kwa ukamilifu. Lebo inahitaji zaidi ya picha ya mlima. Inataka jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, aliyetengeneza na mahali, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Inataka nafasi ya alama ya TBS, shirika la viwango, ikipatikana, na nafasi ya msimbopau, ambao kwa namba zinazotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620. Dizaina anayeyajua haya anamwokolea mkulima gharama ya kuchapisha mara mbili.

Ajue pia tabia ya rangi. Kijani cha chai changa kinavyong'aa kwenye skrini hakitatoka hivyo kwenye karatasi. Skrini inatoa mwanga, wino unaumeza. Mtambo wa kuchapia unachanganya wino wa aina nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, na baadhi ya rangi za skrini hauzifikii kabisa. Wengi hugombana na mteja kwa sababu hii, kila mmoja akiamini mwenzake amemdanganya. Dawa yake ni kwenda kwa mchapaji mapema, kuomba karatasi moja ya majaribio, kuitazama nje kwenye jua na ndani kwenye taa, ndipo kuruhusu elfu moja zipigwe. Rafiki mkubwa wa dizaina ni fundi wa mtambo. Mwamkie, kaa naye, mwulize.

Sasa turudi kwenye majina. Nembo ya Taifa letu unaijua. Mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu, katikati kuna ngao yenye mwenge, bendera, shoka, jembe, mkuki na mawimbi ya maji. Miguuni kuna karafuu na pamba. Hakuna kilichoazimwa kwa jirani humo; kila kitu kimechumwa nchini, bara na visiwani. Mei 2017 vyombo vya habari vilituonyesha mzee mmoja aliyekuwa akiishi Buguruni, Dar es Salaam, katika hali duni, Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyesema kwamba ndiye aliyeichora nembo hiyo. Alipelekwa hospitali, na mwezi huohuo akafariki Muhimbili. Wapo na wengine waliotajwa kuwa wachoraji wake. Mimi siamui nani kasema kweli. Ninachosema ni kwamba taifa zima limebeba mchoro mmoja kwenye pasipoti na kwenye kila barua ya serikali, na tukawa tunabishana ni wa nani, kwa kuwa ulipochorwa hakuna aliyeona haja ya kuhifadhi jina la mchoraji mahali penye kujulikana na wote.

Kwa hiyo nawaambia vijana: sheria ipo upande wenu, itumieni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inaikinga kazi ya sanaa tangu inapotungwa. Huhitaji kungoja cheti ndipo haki yako ianze. Inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku ya ubishi. Nembo ya biashara nayo, mteja aipeleke BRELA, wakala wa usajili wa biashara, isajiliwe kama alama yake. Ila kumbuka kwamba ukiwa mwajiriwa mambo hubadilika, kwa hiyo soma mkataba wa kazi kabla ya kutia sahihi.

Na kabla ya kugusa kompyuta, andikianeni. Hata ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia. Andika kazi ni nini, itakamilika lini, bei ni kiasi gani na nusu italipwa lini, marekebisho ni mangapi ndani ya bei hiyo, na faili la kuhaririwa litabaki kwa nani. Wengi wetu tunaona haya. Mteja ni shemeji, ni mwalimu wetu wa zamani, ni mwenyekiti wa kamati ya harusi. Anasema, "Mdogo wangu, si unabonyeza tu kompyuta? Nifanyie fasta, tutaonana." Mjibu kwa adabu: "Sawa kaka, nitakufanyia vizuri. Nakuandikia makubaliano yetu, ukitanguliza nusu naanza leo." Hapo hakuna aliyevunjiwa heshima. Fundi cherehani hukupima na kuchukua malipo ya awali, na hakuna anayenuna.

Kwenye bei, hesabu kila kitu: saa za kutazama, saa za kuchora rasimu ambazo hazikuchaguliwa, umeme, kifurushi cha intaneti, nauli ya kwenda kwa mchapaji Muheza au Tanga mjini. Mteja anaona mchoro wa dakika kumi. Haoni daftari la miaka mitatu lililoufanya uwezekane. Usipomwonyesha wewe, hakuna atakayemwonyesha.

Jambo la mwisho kwa madizaina ni umoja. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta za madukani juu ya vipande vya ubao, akichora wanyama na ndege kwa namna yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu. Angeweza kusahaulika. Hakusahaulika kwa sababu alikuwa amewafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika. Mtindo ukabaki, riziki ikabaki, jina likabaki. Madizaina watano wa Amani au Lushoto wakiungana wanaweza kununua kompyuta nzuri moja, printa moja, na kukataa kwa pamoja bei za kuwadhalilisha. Kila mmoja peke yake atapunguza bei mpaka ibaki nauli.

Msikilizaji, nimalizie kwako wewe usiyechora. Wewe ndiye mteja. Wewe ndiye kamati ya harusi, wewe ndiye mwenye duka, wewe ndiye katibu wa kikundi. Wiki hii ukiagiza kadi, bango au lebo, mwulize aliyeichora jina lake, ruhusu liandikwe pembeni kwa herufi ndogo, kubalianeni kwa maandishi, na mlipe kwa siku mliyopatana. Na wewe kijana wa Kwamkoro, daftari lako lianze leo, lianze na kilicho mbele ya mlango wenu.